Kipande cha Dirishani

Winifrida hakumpa kaka yake shikamoo. Aliingia sebuleni kwa mama yao, kule Kasense, akamwinamia mama, akampa baba mdogo Tadei heshima yake kwa mikono miwili, kisha akakaa na kuupakata mkoba wake kana kwamba Kornel, aliyelijaza kochi la katikati, ni mmoja wa mito ya kochi lile. Kornel alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, na shikamoo ya mkubwa hainyimwi hivi hivi. Aliyenyimwa alijua, aliyenyima alijua, na baba mdogo Tadei, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwaamua, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Naona shikamoo zimeadimika huko kwenu Majengo," Kornel alisema.

"Zipo. Zimeishia kwa mama na baba mdogo."

Ugomvi wenyewe ukielezwa kwa haraka utachekesha. Watu wazima wawili, waliotoka tumbo moja, walikuwa wameacha kujuliana hali kwa sababu ya karatasi za kuchapia picha. Lakini asiyejua kazi ya picha asiharakishe kucheka, na anayewajua hawa wawili hatacheka kabisa.

Baba yao, Mzee Alfonsi, alikuwa mpiga picha pale Majengo, mjini Sumbawanga, tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe. Alifika na kamera yake mpaka Ilemba, akapiga maharusi, wazee wenye fimbo, akina mama na nyungo zao za ulezi, watoto wa komunyo ya kwanza waliovalishwa viatu vya kuazima. Alipokufa aliacha tranka la bati lililojaa negativu, zile filamu ambazo picha huchapwa kutoka kwake, na tranka hilo likakaa chini ya kitanda cha mama. Watu wa Kasense walipojenga ukumbi wao mpya na kuomba picha za wazee wao zitundikwe ukutani, baba mdogo Tadei aliamua kwamba atakayezichapa ndiye atakayekabidhiwa tranka lote, moja kwa moja. Alisema negativu za marehemu haziwezi kuwa zinatangatanga kati ya Sumbawanga na Mbeya kama watoto wa walioachana.

Basi ni tranka. Karatasi ilikuwa njia ya kulifikia tu.

Winifrida alilitaka tranka lile mpaka usingizi ulikuwa unampotea. Yeye ndiye aliyebaki. Kornel alipomaliza shule alikwenda Mbeya, akaajiriwa kwenye kampuni ya matangazo, akaoa huko, akanenepa huko, na kila alipolitaja duka la baba yake aliliita kile kibanda. Winifrida ndiye aliyefungua kile kibanda kila asubuhi, ndiye aliyeng'ang'ana mpaka akanunua printa kubwa ya wino, ndiye aliyemgeuza baba kitandani alipoanza kushindwa kujigeuza. Na bado majirani wote, mpaka padri, walimwita mama yao Mama Kornel. Hata jina la mama lilikuwa la Kornel. Hilo lilimkera Winifrida tangu utotoni, na hakuwahi kumwambia mtu.

Kila mmoja alikuwa na karatasi yake. Ya Winifrida ilikuja kwenye kasha lenye picha ya gurudumu la kinu cha maji. Ya Kornel ilikuwa na nembo ya ndege mwenye shingo ndefu. Kampuni mbili, nchi mbili, na karatasi zenyewe kama pacha. Zote za pamba tupu, zote hazing'ai, uzito ule ule, unene ule ule. Ukizipapasa umefumba macho utadhani unashika shuka moja lililotoka kupigwa pasi, na kasha la kila moja lilijisifu kwamba picha itaishi kuliko wajukuu wa mwenye picha. Tofauti ilikuwa rangi tu. Karatasi ya ndege ilikuwa nyeupe, weupe wa shati la shule lililotiwa buluu. Karatasi ya kinu ilikuwa na umanjano wa mbali, kama mtindi.

"Nyeupe ndiyo inayouleta weusi mbele," Kornel alimwambia kwenye simu, wakati bado wanapigiana simu. "Hiyo yako kama imetundikwa jikoni."

"Na hiyo yako imepakwa poda."

Winifrida hakuwa anabwata. Weupe wa karatasi ya ndege haukuwa wa pamba, ulikuwa wa dawa iliyochanganywa humo, na dawa hiyo jua huila. Alilijua jambo hilo kwa kusoma, lakini kusoma hakukumtosha. Alikata kipande cha karatasi ya ndege na kipande cha karatasi ya kinu, akafunika nusu ya kila kimoja kwa kadibodi nyeusi, akavibandika kwenye kioo cha dirisha la duka watu walipokuwa wanavuna maharage. Kiangazi chote vilikaa pale. Upepo wa Ufipa miezi ile unakata masikio, watu wanatembea na makoti mchana kweupe, lakini jua la juu huku halina huruma. Alipovibandua, cha kinu kilikuwa vile vile. Cha ndege kilikuwa na mstari katikati kama uliopigwa kwa rula. Upande mmoja mweupe, upande wa pili rangi ya meno ya mvuta sigara.

Na ule ukumbi wa Kasense ulikuwa na madirisha makubwa upande wa magharibi.

Angeweza kumwonyesha Kornel siku ile ile. Angemtumia hata picha kwa simu. Hakufanya hivyo. Alikiweka kipande cha ndege ndani ya mkoba, katikati ya kurasa za kitabu chake cha sala, akakingoja kikao cha uamuzi. Alitaka Kornel aje, ajitanue, aisifie karatasi yake mbele ya mama na baba mdogo mpaka povu limtoke, ndipo akitoe kile kipande taratibu na kukiweka mezani. Alishaipiga picha kichwani jinsi uso wa kaka yake utakavyosinyaa. Wakati mwingine akiwa anaosha vyombo alijikuta anatabasamu peke yake.

Kosa lake lilikuwa kwingine, na alilichimba kwa mikono yake mwenyewe. Kwenye kikao cha kwanza, baba mdogo alipotoa shauri kwamba kila mmoja achape picha ile ile moja kwenye karatasi yake na mama achague, ni Winifrida aliyesimama na kudai sharti.

"Wino uwe wa aina moja," alisema. "Wino halisi wa pigmenti, ule ambao rangi yake ni unga unaokaa juu ya karatasi, hautoki kwa maji wala haupauki. Asije mtu hapa na maji ya chupa aliyoyavuta kwa sindano, halafu aseme karatasi yake ni nzuri. Nawajua watu wa matangazo mimi. Na atakayevunja sharti hilo asiliguse tranka."

Kornel alicheka, akakubali. Baba mdogo alikubali. Mama alikubali bila kuuliza pigmenti ni nini.

Halafu wino mweusi wa Winifrida ukaisha. Uliisha picha ikiwa nusu, na mzigo alioagiza Dar ulikuwa haujashuka kwenye basi. Alikwenda stendi, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Angeweza kumpigia baba mdogo aombe kikao kisogezwe mbele kidogo. Ni maneno mawili matatu, na mzee yule asingekataa. Lakini Kornel alikuwa ameshatamba kwa ndugu wote kwamba kile kibanda siku ya siku kitakuja kuazima hata wino, na Winifrida aliona heri ameze wembe kuliko kumpa maneno hayo yawe kweli. Akavuka barabara, akanunua wino mweusi wa chupa, ule wanaochapia mitihani ya shule na ratiba za misiba, akauvuta kwa sindano, akaujaza.

"Tunapima karatasi," alijiambia. "Hatupimi wino."

Picha ikatoka nzuri kupita alivyotegemea. Ilitoka nyeusi ya kina, kofia ya baba imetulia juu ya paji la uso, mikunjo ya koti inahesabika. Winifrida aliitazama, akafurahi kweli kweli, na kufurahi huko ndiko kulikomponza, maana alipoifunga kwenye karatasi laini alikuwa ameshasahau kwamba amedanganya.

Sasa picha hizo mbili zilikuwa mezani kwa mama, juu ya kitambaa cha kufuma. Ilikuwa picha ya pekee ya Mzee Alfonsi mwenyewe. Aliyepiga wengine maisha yake yote alipigwa mara moja tu, amesimama mlangoni pa duka lake Majengo, na aliyebonyeza kamera ni mkewe.

"Mama Kornel," baba mdogo alisema, "hizo hapo. Hatutakwambia ipi ya nani. Uzitazame, uzishike, useme moyo wako. Utakayoichagua, mwenyewe anaondoka na tranka. Asiyechaguliwa anyamaze, na asije kunisumbua kwangu."

Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, akatazama moja, akatazama ya pili, akasonya. Hakuwa mwanamke mpole, na alikuwa ameshachoshwa na watoto wake.

"Mimi naona wanaume wawili wamefanana," alisema. "Ndiyo maana hamsalimiani?"

"Mama, angalia ile nyeupe," Kornel aliingilia. "Angalia uso ulivyotoka. Hiyo ni karatasi ya makumbusho makubwa, si ya kupigia paspoti kwenye vibanda. Watu wa Mbeya waliiona wakashika vichwa. Weupe ule hauna mpinzani, na hautabadilika hata tukifa sisi."

Winifrida aliupapasa mkoba. Endelea, alisema moyoni. Endelea, bwana, panda juu zaidi.

"Nileteeni beseni la maji," mama alisema.

Kornel aliruka upesi kwenda kulileta, maana alidhani mama anataka kunawa mikono kabla ya kushika picha. Wote walidhani hivyo. Alimwekea beseni mbele ya miguu, maji safi ya bomba, na taulo begani kama mwenye shughuli. Mama alikunja mikono ya sweta lake mpaka kwenye viwiko. Halafu hakunawa. Aliichukua picha iliyokuwa karibu.

"Zimechapwa, sawa," alisema. "Nani ameziogesha?"

Aliigeuza picha mkononi, akaendelea.

"Baba yenu alipokuwa anapiga, nani alikuwa anaogesha? Si mimi? Kile chumba cha giza mnakikumbuka nyie, au mnakumbuka soda tu mlizokuwa mnanunuliwa? Picha inatoka kwenye dawa ya kwanza, inaingia kwenye dawa ya pili, inakuja kwangu kwenye maji. Isipoogeshwa dawa inabaki ndani, inaula uso polepole. Mmenipa nichague picha ambazo hazijamaliza kupikwa. Nitazimaliza kwanza."

"Mama, za siku hizi haziogeshwi!" Winifrida alisema, na sauti ikamtoka juu kuliko alivyotaka. Alikuwa ameshasimama.

Kornel akageuka. Alimtazama dada yake toka miguuni mpaka usoni, bila haraka.

"Mbona umeruka?" aliuliza. "Wino si ule tuliokubaliana? Wa kwangu hauogopi maji. Wewe wako unaogopa nini?"

"Karatasi italainika, itaharibika."

"Itakauka. Mwache mama afanye kazi yake. Au una neno?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Baba mdogo alikuwa anamtazama, mlango ulikuwa wazi, na aibu ya kusema ingekuwa ndogo kuliko aibu iliyokuwa inakuja. Winifrida alifungua mdomo. Alimwona Kornel anavyomsubiri, taulo begani, na ule mwanzo wa kicheko pembeni ya midomo yake. Akakaa.

Mama aliizamisha picha ya kwanza. Aliitikisa kwa ncha za vidole, huku na huku, kama alivyokuwa akifanya gizani miaka yote ile. Ilikuwa ya Kornel. Maji yalibaki maji. Aliitoa, akaiacha ichuruzike, akailaza juu ya taulo.

Aliizamisha ya pili.

Uzi mweusi ulitoka kwenye ukingo wa kofia. Ukafuatiwa na mwingine toka machoni, halafu koti lote likaanza kutoka kwa mkupuo mmoja, likatanda ndani ya beseni. Mama hakuona. Macho yake hayakufika huko. Aliendelea kuitikisa kwa upole, akiwa anaimba kidogo puani, na kila alipoitikisa Mzee Alfonsi alizidi kwenda. Winifrida alitamani kuyapiga teke maji yale.

"Mama Kornel," baba mdogo alisema kwa sauti ndogo, "toa mikono."

Mama aliitoa. Vidole vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viungo. Alivisogeza karibu na macho, kisha puani, akavinusa.

"Hii haikutiwa dawa," alisema. "Nani huyu hakumtia baba yenu dawa?"

Kornel alipiga makofi mara moja, kwa nguvu.

"Wino wa chupa!" alisema. "Baba mdogo, umeona? Wino wa ratiba za misiba! Na sharti aliliweka nani? Si alisimama pale pale, kidole juu, anatuhubiria? Nawajua watu wa matangazo! Haya, tuambie sasa, unawajua watu gani?"

"Wino uliisha," Winifrida alisema.

"Uliisha, ukaja kutudanganya. Umemdanganya mama kipofu, na picha ya baba."

"Si kipofu mimi," mama alisema.

Baba mdogo Tadei hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema Winifrida alitunga sheria mwenyewe na kuivunja mwenyewe, na yeye kama mzee wa nyumba hana la kuongeza. Tranka ni la Kornel. Kornel hakungoja asikie mara mbili. Alikwenda chumbani, na punde sauti ya bati likiburuzwa kwenye saruji ikasikika nyumba nzima.

Winifrida alifungua mkoba, akafungua kitabu cha sala. Kipande kilikuwepo, na mstari wake katikati. Siku zote alikuwa amekitunza kwa ajili ya kumpigia Kornel, na sasa aligundua kwamba hana tena hamu ya kumpiga mtu. Alichokiona ni wale wazee wa Ilemba na fimbo zao, wale maharusi, wale watoto wa komunyo, wametundikwa mbele ya madirisha ya magharibi, wanageuka manjano mmoja mmoja. Hofu ilimshika, hofu safi isiyo na kinyongo ndani yake. Kornel alipotokea mlangoni akirudi kinyumenyume na tranka, alikwenda akamzuia.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Kornel aliinua kichwa. Hakuitikia.

"Chukua tranka. Siligombei tena, ni lako. Nisikilize hili moja. Usizichape kwenye hiyo karatasi ya ndege. Tumia ya kinu, au nyingine yoyote isiyotiwa dawa ya weupe. Hiki ni kipande cha karatasi yako. Nilikibandika dirishani dukani kiangazi kizima, nusu nimeifunika. Angalia jua lilivyokifanya. Pale ukumbini jua linaingia kila jioni."

Kornel alikipokea. Alikwenda nacho mlangoni penye mwanga, akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya ule mstari. Alikuwa mtu wa karatasi na yeye, asitukanwe. Alikuwa anajua anachokitazama. Kwa muda mfupi uso wake uliacha ushindi, na Winifrida akathubutu kupumua.

Halafu Kornel akatazama beseni.

"Umekichovya kwenye chai," alisema. "Tangu lini ulikuwa nacho hiki?"

"Tangu kiangazi."

"Na kikao cha kwanza hukukitoa. Kwenye simu hukukitaja. Leo umeshindwa, ndipo kinatoka kwenye kitabu cha sala." Akamgeukia baba mdogo. "Mzee, nikiamini?"

Baba mdogo Tadei alitazama chini. Winifrida alitaka kusema kwa nini hakukitoa, na sababu aliyokuwa nayo ilikuwa ile moja tu, isiyosemeka mbele ya watu.

"Nipe nikione," mama alisema.

Kornel akampa. Mama alikisogeza machoni, akakisogeza puani, akakinusa kama alivyovinusa vidole vyake. Alikisugua kati ya vidole viwili akisikiliza pamba. Alipouliza, aliuliza kwa upole ambao Winifrida hakuwa ameusikia kwake tangu msiba wa baba.

"Na hiki nacho umekipaka nini, mwanangu?"

Hakungoja jibu. Mikono ilikuwa bado inachuruzika weusi, taulo lilikuwa chini ya picha ya Kornel, na kile kipande kilikuwa karibu. Mama akakifutia vidole, kimoja kimoja, upande huu na upande ule, mpaka mstari wa katikati haukuonekana tena. Kisha akakitupa ndani ya beseni.

"Sogea," Kornel alimwambia dada yake. "Mzigo huu mzito."

Winifrida alisogea, akamshikilia mlango.